Re: Kibarua cha kiangazi, shamba la ng'ombe wa nyama (Kentucky)

Kutoka: Bowling Green

Hamjambo ndugu. Vijana wawili wa hapa, mmoja ana miaka 15 na mwenzake 19, wameitwa kwenye shamba la familia kuanzia Juni hadi Agosti. Wote wamekulia kwenye ng'ombe. Wanaoyajua mashamba ya huku watuambie kazi yenyewe ikoje, na wajihadhari na nini.

Kutoka: Lexington

Shikamoo mama. Kwanza waondoe kichwani habari ya kuchunga. Huku uzio ndio mchungaji. Kiangazi chote ni hei (nyasi zilizokaushwa za kulishia ng'ombe), uzio na maji. Ng'ombe wenyewe watashikwa siku chache tu. Waliokulia na ng'ombe huumizwa mara nyingi na wasivyovijua, yaani mashine na hei.

Marobota madogo ya mstatili yana kilo 20 hadi 27, na hayo ndiyo kazi ya mikono. Yale makubwa ya mviringo hufika kilo 400 hadi 600. Hayo ni ya trekta, na kwenye mteremko mtu hasimami upande wa chini yake hata kama limetulia.

Hei ifungwe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 18. Ikizidi 20 huanza kuchemka yenyewe ndani ya ghala, maana vijidudu vinavyoila huzalisha joto. Mwenye shamba ana kipima unyevu, lakini anayepanga marobota ndiye hugundua kwanza: robota likiwa zito kuliko wenzake na la vuguvugu ukiingiza vidole katikati, lisiingie ghalani. Liwekwe kando, aitwe mwenyewe.

Safu ya kwanza ikae juu ya paleti (fremu za mbao za kupangia mizigo), marobota yakilazwa ubavu ili kamba ziwe pembeni. Zikigusa chini zinaoza, na mwezi wa pili ukinyanyua unabaki na kamba mkononi. Safu zinazofuata zipishane kama matofali, la sivyo ukuta mzima utaanguka. Baada ya hapo joto la ndani lipimwe kila siku kwa wiki mbili tatu. Likifika nyuzi 65 za Selsiasi (kipimo chao cha Farenhaiti kitasoma 150), lipimwe mara kadhaa kwa siku. Likifika 80 (kwao 175), pigeni 911, namba ya dharura ya huku, kabla ya kugusa chochote. Ukivuta robota moja kutoka katikati unaingiza hewa, na kilichokuwa kinafuka kinawaka.

Shati la mikono mirefu, glavu za ngozi, suruali nzito. Kaptula kwenye hei ni adhabu.

Kutoka: Louisville

Naongezea mashine. Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine ya nyuma, huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikishika kamba ya kofia ya sweta huwezi kuwahi kupiga kelele. Hakuna kuiruka wala kuiegemea, hata ikiwa na kifuniko.

Mashine ya kufunga marobota huziba pale mstari wa nyasi ni mnene au mbichi. Hapo ndipo vijana wanapoteza mikono: wanavuta nyasi huku mashine inazunguka, na yenyewe inavuta haraka kuliko mtu anavyoweza kuachia. Zima PTO, zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni, subiri gurudumu zito lisimame kabisa. Ndipo uguse.

Uzio wa umeme upimwe kila asubuhi. Chini ya volti 3,000 ng'ombe mkubwa anapita. Sababu ya kawaida ni majani kugusa waya au kihami (kishikio kinachotenga waya na nguzo) kilichopasuka. Sikiliza mlio wa tik-tik, hapo ndipo umeme unavuja. Ikiwa uzio mzima umedhoofika, angalia ethi, yaani fimbo za chuma zilizopigiliwa ardhini ili umeme urudi kwenye mashine ya uzio. Fimbo ziwe angalau 3, za urefu wa mita 1.8, zikiachana mita 3. Agosti udongo ukikauka umeme haurudi vizuri, na watu hununua mashine mpya bure wakati tatizo liko ardhini.

Kwenye seng'enge, simama upande wa pili wa nguzo unapokaza. Waya ukikatika hurudi nyuma kama nyoka.

Kutoka: Owensboro

Ng'ombe wa nyama wa huku hakamuliwi wala haitwi jina, kwa hiyo hajazoea mkono wa mtu. Fimbo na mluzi waviache nyumbani. Kila ng'ombe ana mpaka wake: ukiuingia anasogea, ukirudi nyuma anasimama. Ukiwa nyuma ya bega lake anaenda mbele, ukiwa mbele ya bega anarudi. Usimfuate nyuma ya mkia moja kwa moja. Hakuoni, atageuka au atapiga teke. Kazi za kwenye kibano (kizimba chembamba cha kumbania ng'ombe asimame) ziishe kabla ya saa 4 asubuhi.

Sindano zote shingoni, kamwe si pajani, maana huko ndiko nyama ya bei ilipo. Chanjo hai ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, ikae kwenye sanduku la barafu, kivulini. Na tangu Juni 2023 antibiotiki za mifugo hazinunuliwi dukani bila agizo la daktari wa mifugo, kwa hiyo asijitibie ng'ombe wa watu kwa uzoefu wa nyumbani.

Maji: mama mwenye ndama, joto likifika nyuzi 32 za Selsiasi, hunywa lita 60 hadi 90 kwa siku. Ng'ombe 40 hapo ni kama lita 3,000. Floti (boya linalofungua na kufunga maji) ya birika la kunyweshea ikaguliwe asubuhi na alasiri.

Kutoka: Louisville

Kuhusu wa miaka 15: sheria ya shirikisho hairuhusu mwajiriwa chini ya miaka 16 kuendesha trekta ya zaidi ya nguvu farasi 20 bila cheti cha mafunzo, wala kuingia zizini kwenye fahali wa mbegu au ng'ombe ambaye ndama wake bado ananing'inia kitovu. Mwambieni mwenye shamba umri wake wazi. Malipo ya saa za ziada hayalazimishwi shambani, kwa hiyo bei ya saa iandikwe mapema. Na mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, asidhani likizo inamruhusu kufanya kazi nje ya chuo.

Kutoka: Bowling Green

Ahsanteni sana. Yule mkubwa alipita kutazama shamba, akaona ng'ombe wamesimama bwawani mchana kutwa, manyoya marefu kama ya baridi. Ni wagonjwa?

Kutoka: Owensboro

Ni nyasi, mama. Fescue ya hapa ina kuvu ndani yake inayobana mishipa ya damu, ng'ombe anashindwa kupoza mwili. Wakihamishiwa malisho yenye klova (majani ya jamii ya kunde) wanapata nafuu. Wasiwafukuze majini saa za jua. Na jioni vijana wajikague kupe, hasa yule mwenye doa jeupe mgongoni: kuumwa naye kunaweza kuleta mzio wa nyama nyekundu.