Tupeane uzoefu: prosesa inapopata joto kali katikati ya gemu

Ndugu zangu, naomba kila aliyewahi kusumbuliwa na joto la prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) wakati wa kucheza aeleze hapa yaliyomkuta, ataje nyuzi alizosoma na hatua aliyochukua, kwa kuwa ushauri usio na vipimo umenipotezea muda mwingi.

Naanza mimi niliyeko Dar es Salaam. Kompyuta yangu ni ya mezani, yenye prosesa ya Intel Core i5-10400. Mwezi Februari, kila nilipocheza kama robo saa, picha zilianza kukwama, zikaendelea kidogo, kisha zikakwama tena, nami nikaamini kwamba kadi ya michoro imechoka, hata nikaanza kuulizia bei ya nyingine. Programu ya HWiNFO ndiyo iliyonionyesha kwamba prosesa inafika nyuzi 100 za Selsiasi, ambacho ndicho kikomo chake, na kwamba kila inapofika hapo inajipunguzia kasi ili isiungue. Nilipofungua kasha nilikuta pini moja kati ya nne zinazoshikilia kipoza joto haijajifunga, hivyo upande mmoja ulikuwa umeinuka kiasi ambacho jicho halikioni kwa haraka. Nilisafisha, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza, nikazibana pini zote, na tangu siku hiyo sijaona zaidi ya nyuzi 76.

Mchangiaji wa Dodoma:
Kwangu ilikuwa vumbi. Laptop ilikuwa na miaka mitatu bila kufunguliwa, na kati ya feni na mapezi ya kipoza joto palikuwa na tabaka lililoshikamana kama kipande cha blanketi, kiasi kwamba feni ilivuma kwa nguvu huku hewa haitoki. Anayetumia bloa aizuie feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu kuizungusha kwa kasi isiyo yake kunaweza kuiharibu. Nilitoka nyuzi 97 hadi 82.

Mchangiaji wa Nairobi:
Mimi nilidanganyika kutumia dawa ya meno badala ya pesti ya kupitisha joto. Siku mbili za kwanza vipimo vilikuwa vizuri kabisa, nikawasifia wenzangu jambo hilo, na ninasikitika kwamba wapo walioniiga. Baada ya muda mfupi maji yake yalikauka, ikabaki unga, na joto likawa baya kuliko mwanzo. Niliikwangua taratibu, nikafuta kwa spiriti isiyo na mafuta, nikapaka pesti halisi kiasi cha punje ya njegere.

Mchangiaji wa Mombasa:
Nilisafisha na kubadilisha pesti, lakini mchana bado nilisoma nyuzi 91, na usiku 85. Ilinichukua muda kuelewa kwamba feni haiwezi kuipoza prosesa kupita hewa iliyomo chumbani, na chumba changu wakati wa kaskazi hufika nyuzi 33. Kilichonisaidia ni kuweka ukomo wa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Skrini yangu huonyesha 60 tu, ilhali kompyuta ilikuwa ikichora zaidi ya 130, yaani zaidi ya nusu ya kazi ile, pamoja na joto lake, ilikuwa ya bure. Sasa mchana huwa 78, na macho yangu hayajaona tofauti yoyote.

Mwanzisha mada:
Nashukuru sana, hasa kwa hili la fremu, nitalijaribu leo. Kwa ndugu wa Dodoma, kama nyuzi 82 bado zinakutia wasiwasi, katika mipangilio ya umeme ya Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye laptop nyingi za Intel hatua hiyo huzima Turbo Boost, yaani uwezo wa prosesa kujiongezea kasi kupita ile ya kawaida, joto likashuka sana, ingawa gemu zinazoitegemea mno prosesa zitapungua kasi. Tafadhali tupe vipimo vya kabla na baada.