Paipulaini inayobandika lebo kabla ya majaribio kupita: huu ni uzembe

Wakuu, naomba wanaoandaa paipulaini za uunganishaji endelevu (mifumo inayojenga na kujaribu msimbo yenyewe kila unapobadilishwa) wanisome hadi mwisho kabla ya kunijibu kwamba sipendi otomesheni. Naipenda. Ninachokataa ni mtindo huu ulioenea wa kuiachia mashine ibandike lebo (jina la toleo, kama v2.3.1) kwenye kila kamiti, yaani badiliko lililohifadhiwa katika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, inayoingia tawi kuu, tena iibandike mwanzoni kabisa mwa kazi (mfululizo wa hatua ambazo paipulaini huendesha), kabla msimbo haujajengwa na kabla jaribio hata moja halijapita.

Paipulaini tunayotumia kazini iliandaliwa na mkandarasi ambaye sitamtaja. Hatua yake ya kwanza husoma lebo ya mwisho, huongeza moja kwenye tarakimu ya tatu, husukuma lebo mpya kwenye hazina (ghala la pamoja la msimbo), na hapo ndipo huanza kujenga. Majaribio yakianguka, lebo hubaki palepale. Mtu akisahihisha kosa na kuianzisha kazi upya, paipulaini huing'oa lebo ileile kutoka kamiti ya zamani na kuihamishia kwenye mpya kwa --force, yaani kwa kulazimisha, bila kumwarifu mtu yeyote. Matokeo yake, v2.3.1 iliyo kwenye kompyuta yangu si v2.3.1 ya mwenzangu, wala si ile inayoendesha seva ya mteja, na mteja anapopiga simu kusema kwamba v2.3.1 inakokotoa kodi vibaya, hakuna kati yetu anayejua afungue msimbo upi. Huyu ni karani anayegonga muhuri wa "Imelipwa" kabla ya kuhesabu fedha, kisha zikipungua anaubandua muhuri na kuugonga kwenye stakabadhi nyingine.

Tulipohoji, tulijibiwa kwamba lebo huhamishwa ili namba za matoleo zisiruke. Namba zinauzwa wapi hata tuzionee uchungu? Kiwango cha Semantic Versioning (kanuni za kuyapa matoleo ya programu namba), ambacho mkandarasi huyohuyo anadai kukifuata, kinasema waziwazi kwamba toleo likishatolewa yaliyomo hayaruhusiwi kubadilishwa, na badiliko lolote ni lazima litoke kama toleo jipya. Git nayo imeweka kizuizi: tangu toleo la 2.20 la Desemba 2018, git fetch (amri ya kuleta mabadiliko kutoka seva) hukataa kuibadilisha lebo uliyo nayo tayari mpaka uilazimishe. Kwetu watu wamezoea kuilazimisha, kwa hiyo onyo lenyewe halisomwi tena.

Wanaodhani kwamba kuhamisha lebo ni jambo dogo wakumbuke yaliyotokea Machi 2025 kwa tj-actions/changed-files, kifaa (programu ndogo ya kuongezwa kwenye paipulaini) kilichokuwa kikitumiwa na hazina zaidi ya 23,000 kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi hazina za Git. Wavamizi walizichukua lebo za matoleo yaliyokuwapo na kuzielekeza kwenye kamiti yenye msimbo uliochapisha siri za watumiaji kwenye kumbukumbu za kazi. Aliyekiita kifaa hicho kwa lebo aliletewa msimbo wa wavamizi chini ya namba aliyoiamini. Aliyekuwa amefunga kwa SHA kamili (namba ya utambulisho isiyohamishika) ya kamiti salama ya zamani alinusurika. Nasi tumeipa paipulaini yetu tokeni (ufunguo wa kidijitali) yenye uwezo wa kufuta na kuhamisha lebo yoyote, usiku na mchana.

Kuhusu tokeni hiyo, iko sababu yake, nayo inaudhi zaidi. Kwenye GitHub, lebo iliyosukumwa kwa GITHUB_TOKEN ya kazi yenyewe haiamshi kazi nyingine. Ni kinga ya makusudi dhidi ya kazi kujiita bila kikomo. Badala ya kuunganisha hatua zote katika kazi moja, mkandarasi aliweka tokeni binafsi ya mfanyakazi mwenye mamlaka yote ili kazi ya kutoa toleo iamke. Siku mfanyakazi huyo atakapoondoka na akaunti yake kufungwa, utoaji wa matoleo utasimama, na hakuna andiko lolote linaloeleza sababu.

Tena lebo zenyewe ni nyepesi, yaani hazina jina la aliyeziweka, tarehe wala ujumbe, hivyo git describe (amri inayotaja toleo kwa kutazama lebo) huziruka isipokuwa uongeze --tags. Hatua ya kuchukua msimbo kwenye GitHub nayo huleta kamiti moja tu bila lebo usipoweka fetch-depth kuwa 0, yaani ilete historia yote. Mpangilio huo ulipowahi kufutwa, paipulaini ilidhani hazina ni mpya na kutuzawadia v0.0.1.

Dai langu ni kwamba lebo iwe hatua ya mwisho, ibandikwe baada ya majaribio kupita, iwe yenye maelezo, na kazi ya kubandika iende moja baada ya nyingine ili miunganisho miwili iliyokaribiana isigombee namba moja. Seva nayo izuie kufuta na kuhamisha lebo: GitLab, tovuti inayofanana na GitHub, ina lebo zinazolindwa, GitHub ina kanuni za hazina, na kuziwasha hakuhitaji mkandarasi.

Kwa waliowahi kurithi hazina yenye lebo zilizokwisha kuhamishwa, naomba mnieleze: mlizifuta zote na kuanza namba mpya, au mliziacha na kuwaandikia wateja ni SHA ipi hasa waliyonayo?