Bega likiharibiwa na sindano ya chanjo, nani alipe?

Baba Rehema, Houston: Mke wangu alichomwa chanjo ya mafua Oktoba. Usiku uleule bega likaanza kumuuma. Huu mwezi wa nane hawezi kumsuka binti yetu, na sufuria anaiepua kwa mkono wa kushoto. Huku Marekani kuna mfuko wa fidia za chanjo tangu 1988, na jeraha la bega limo kwenye orodha yao tangu 2017. Kila dozi ya mafua inakatwa ushuru wa senti 75 kuuchangia. Kwa nini sote tulipie kosa la mtu mmoja? Alipe aliyechoma. Wauguzi wa siku hizi wanachoma kama wanatoboa gunia.

Sista Neema: Gunia? Nachoma sindano mwaka wa 14 huu. Msimu wa mafua foleni inafika mlangoni. Mtu ana haraka, hataki kuvua, anavuta kola tu bega litokeze. Sindano inaingia juu mno, karibu na kiungo, badala ya vidole viwili vitatu chini ya mfupa, penye nyama.

Juma K: Kwa hiyo mgonjwa ndiye mwenye kosa?

Sista Neema: Nimesema hivyo wapi? Soma vizuri kaka.

Juma K: Nimesoma. Mwenye sindano ni wewe. Akikataa kuvua, usimchome. Hata hivyo Baba Rehema aharakishe, nasikia mwisho wa kudai ni mwaka mmoja.

Mwanasheria Mtarajiwa: Mwaka mmoja ni wa chanjo ya Uviko, ina mfuko wake. Huu ni miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48 na kuzidi miezi 6. Huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu, ndiyo maana mfuko upo. Hata wakili analipwa na mfuko.

Sista Neema: Asante. Ila neno la gunia bado linaniuma. Tunasimama kwa saa 12.

Juma K: Na mama wa watu haepui sufuria.

Baba Rehema, Houston: Nimemuuliza mke wangu sasa hivi. Kweli alivuta kola. Anasema mchomaji alikuwa amesimama, yeye kakaa, na hakuna aliyemwambia avue.

Sista Neema: Angemwambia. Hapo sina la kumtetea. Fungueni madai, shemeji.