Ukoo wa Mlimani (Mombasa): safari ya Desemba

*Jumatano*

Wakesho: Jamani habari za jioni. Nauliza tena, nani waenda Taita Desemba? Gari ni ya viti 14 na mwenyewe ataka arubuni kufikia Ijumaa

Wakesho: Naona tiki za buluu tu humu

Mwakio: Pombe yetu ya mbangara itakuwepo? 😂

Mghoi: Na chakula chetu cha kimanga. Bila kimanga mimi sipandi zile kona za kutoka Mwatate

Wakesho: Mwakio hili si la mzaha tafadhali. Juzi watoto waliambiwa shuleni wachore kwao, wangu akachora stendi ya matatu hapa Mikindani, hajui kama ana mlima. Vuria ni mita 2,208, watoka na jua la Voi ukifika Wundanyi watafuta sweta, na ule ukungu ni upepo wa bahari hii hii yetu, ukigonga milima wapanda wageuka maji ndio tukapata misitu ya Ngangao na Mbololo, kuna mpaka ndege ambao duniani kote hawako ila kwetu. Nataka watoto wayaone haya na wamsikie Babu bado akikumbuka nani alilima wapi na maji ya mfereji yalikuwa zamu ya nyumba gani

Mkamburi: 👍

Mwakio: Hao ndege wanalika? 😂😂

Mghoi: 🤣🤣 Mwakio na tumbo

Mkamburi: Pangoni pia tunaenda? Wangu aogopa mafuvu

Wakesho: Asiogope ni wazee wake. Zamani mtu akizikwa, baadaye kaburi lafukuliwa fuvu lapelekwa pango la ukoo lapangwa na wenzake, na mvua ikikataa au kuna mgonjwa ndiko watu walikoenda kuwaomba. Wamishenari walipokuja, Sagalla 1883 kisha Bura 1892, ikaanza kuachwa polepole, lakini wenyewe wako pale pale. Tupige picha tuweke albamu ya ukoo

Mjomba Mwandoe: Albamu itakaa kwa nani? Kama ni kwa yule aliyeachiwa shamba la bondeni mimi simo

Shangazi Mkiwa: Mwandoe usinianze. Nani aling'oa mpaka usiku?

Mjomba Mwandoe: Na mti wa mparachichi ulikatwa na nani?

Mwakio: Haya, pikeni popo kono 🍿

Wakesho: Jamani gari!!

*Alhamisi*

Simu ya Babu: Hapa ni Nyange, Babu kanisomesha yote asema niandike vile asemavyo. "Pango si mahali pa picha. Waliolala pale ni baba zangu, na hakuendwi na watu walionuniana. Mwandoe na Mkiwa, nyinyi ni wa tumbo moja. Mkimaliza neno la bondeni nitawapeleka watoto mwenyewe, nitembee kwa mkongojo. Msipolimaliza waonyesheni mlima kutoka barabarani."

Wakesho: Tumekusikia Babu

Mghoi: 🙏

Mwakio: Shikamoo Babu. Samahani kwa utani

*Ijumaa*

Mjomba Mwandoe: Shikamoo baba mdogo. Nitampigia Mkiwa leo jioni

Wakesho: Asante mjomba. Shangazi umeona? Mwenye gari ashapiga mara mbili, nilipe arubuni ama nisubiri?

Mkamburi: Mimi niwekee viti 2, hela natuma mwisho wa mwezi

Wakesho: Mkamburi arubuni ni LEO

Chao: Habari zenu, simu ilikuwa kwa fundi. Kwani safari ni lini?