Ribiti ya panga imegoma: gumzo la majirani, Rau, Moshi

Baba Happy, 17:12
Wakuu habari za jioni. Babu Massawe shikamoo. Kuna panga la zamani hapa, mpini wa mbao mbili, ribiti tatu (vile vipini vya chuma vilivyogongwa kichwa pande zote mbili kushika mbao). Mbao ya upande mmoja imepasuka, ya upande wa pili nzima. Ribiti mbili zimetoka, ya katikati imegoma. Kichwa kimesagwa kwa tupa mpaka kimeisha, nagonga haisogei hata kidogo. Tatizo nini?

Babu Massawe, 17:15
Marahaba mwanangu. Acha kugonga kwanza. Kila nyundo unayopiga unazidi kuikaza.

Mama Neema, 17:16
Jamani hela ya mlinzi mwisho kesho. Endeleeni na panga lenu 😂

Fundi Elia, 17:21
Babu yuko sahihi. Watu wengi wanadhani ribiti inashikiliwa na kichwa. Kichwa kinabana mbao tu. Kwenye chuma inashikwa na tumbo. Ilipogongwa siku ya kwanza ilifupika ikanenepa, ikajaza tundu la mkia wa panga pande zote (mkia ni ile bapa inayopita katikati ya mbao). Ndiyo maana umemaliza kichwa na bado ipo palepale. Sasa ukiigonga juu unairudishia kazi ileile: inafupika, inanenepa.

Fundi Elia, 17:22
Dawa yake ni kuitoboa katikati. Ukiitoa nyama ya ndani, ukuta uliobaki hauna nguvu ya kubana, unasukumwa kirahisi.

Juma Spea, 17:24
Kabla ya drili weka sumaku kwanza. Ikinata ni chuma, isiponata ni alumini au shaba. Kazi ni tofauti.

Baba Happy, 17:29
Hainati. Na pembeni mwake kuna unga mweupe mweupe.

Juma Spea, 17:31
Alumini hiyo. Ule unga ni kutu ya alumini. Ikigusana na chuma penye unyevu yenyewe ndiyo inaliwa, na unga unachukua nafasi kubwa kuliko ile alumini iliyoliwa, kwa hiyo unajikaza humo ndani. Panga la kukatia majani ya ng'ombe linakauka lini, sasa unategemea nini.

Baba Happy, 17:32
Nikiichoma moto je? Kuna mtu kaniambia nipashe hadi iwe nyekundu.

Babu Massawe, 17:33
Usithubutu.

Fundi Elia, 17:37
Moto hapana, sababu tatu. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha vyote pamoja ribiti inabana zaidi. Pili, alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na haikupi dalili kwa rangi, utaisubiri iwe nyekundu na yenyewe inamwagika. Tatu, chuma cha panga kikifika nyuzi 300 kinageuka bluu, hapo ugumu umeanza kupungua, na moto wa mkiani unatembea kwenda kwenye makali. Juu ya hayo yote, ile mbao nzima unayotaka kuiokoa itakuwa mkaa.

Mama Neema, 17:38
Na dizeli? Sisi bawaba zikigoma tunamwagia dizeli usiku kucha.

Juma Spea, 17:41
Bawaba sawa mama, pale kuna uwazi wa mafuta kupita. Ribiti iliyojaa tundu haina uwazi. Dizeli itaishia kunyonywa na mbao, halafu gundi haitashika tena. Kama mbao zote mbili zingekuwa za kutupa ningesema mwaga tu, utafuta mkia kwa petroli baadaye.

Babu Massawe, 17:44
Mimi kwa upande wangu ningetupa mbao zote mbili. Mbao moja ya zamani na moja mpya hazikauki sawa, hazivimbi sawa, mkono utasikia ukingo. Na ukizitupa kazi ni rahisi: unaweka tindo kwenye mshono, unapasua mbao kwa kufuata nyuzi zake, ribiti inabaki imesimama uchi kwenye chuma pekee. Unaikata kwa msumeno wa chuma pande zote mbili, umebakiza milimita 3 tu za kutoa.

Baba Happy, 17:46
Babu ile nzima ni mninga, inauma kuitupa.

Babu Massawe, 17:46
Haya, mninga sawa. Fundi mwelekeze.

Fundi Elia, 17:58
Kwanza usalama, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Biti (ncha ya drili inayotoboa) ikinasa kwenye alumini inazungusha panga zima, na panga likizunguka kwenye drili hakuna wa kulizuia kwa mkono. Funga makali kwa tyubu ya baiskeli, kisha libane kwenye jiliwa au klampu mbili mezani. Usilishike mkononi, wala mtoto asikushikie. Miwani vaa.

Ribiti isage kwa tupa iwe bapa kabisa, halafu piga alama kwa sentapanchi (panchi ya ncha kali) katikati yake barabara. Pima kwa rula pande mbili. Ikikosea hata kidogo, ilaze panchi kidogo ugonge tena kuirudisha, usianze na drili ukitegemea biti itajirekebisha. Kama ribiti ni milimita 6, anza na biti ya 3, kisha 4.5, malizia na 5 au 5.5. Mwendo wa polepole. Alumini inagandamana kwenye mifereji ya biti, kwa hiyo tone la mafuta ya taa kwenye ncha, chomoa biti kila baada ya milimita mbili tatu usafishe. Tone moja, si kikombe, mbao ipo chini.

Baba Happy, 18:01
Umeme umekatika huku 😩

Juma Spea, 18:02
Bora. Tumia keekee ya mkono (drili ya kuzungusha mwenyewe). Kwa alumini inatosha kabisa na haina nguvu ya kurusha panga.

Baba Happy, 18:26
Naanza na 3, ribiti yenyewe inazunguka pamoja na biti.

Fundi Elia, 18:28
Basi imeshaachia kidogo, dalili nzuri. Geuza upande wa pili wenye kichwa, chana mfereji kwa msumeno wa chuma, kina cha milimita 1, tia bisibisi bapa humo mtu aishikilie. Au saga kichwa pande mbili kiwe na mabega, kamata kwa vaisigripu (koleo la kujifunga). Halafu endelea.

Juma Spea, 18:30
Swali, ulisaga kichwa cha upande gani? Kimoja ni cha kiwandani, duara safi. Kingine ni cha kugongwa, hakilingani na kina alama za nyundo. Unasaga cha kiwandani na kusukuma kuelekea cha kugongwa, ribiti inatoka na kichwa chake. Ukisaga cha kugongwa, upande ulionenepa zaidi unalazimika kupita tundu lote, ndiyo mwanzo wa kugoma.

Baba Happy, 18:33
Kilichobaki kina alama za nyundo.

Juma Spea, 18:33
Uko sawa basi.

Baba Happy, 18:57
Biti ya 5 imepita hadi upande wa pili. Sasa nagonga na sentapanchi?

Fundi Elia, 18:58
HAPANA. Sentapanchi ina ncha iliyochongoka, ukiipigilia kwenye tundu inapanua ribiti kama kabari. Tafuta panchi iliyonyooka, bapa mdomoni. Huna? Msumari wa nchi 5, kata ncha, ubaki sentimita 4, saga mdomo uwe sawa. Mfupi ndiyo unafaa, mrefu unapinda. Kipande cha biti iliyovunjika usitumie, kinapasuka vipande.

Chini weka kipande cha mbao ngumu chenye tundu la milimita 14 hivi, kichwa kiwe na pa kuangukia. Wengine huweka nati. Kwa mbao ya kutupa ni sawa, lakini nati inashika eneo dogo, mninga wako utapasuka. Gonga kwa nyundo ya gramu 300, pigo moja kavu kisha unaangalia.

Baba Happy, 19:09
IMETOKA 🙌🙌

Mama Neema, 19:10
Hongera baba. Hela ya mlinzi.

Babu Massawe, 19:14
Angalia tundu la chuma. Kama biti ilikwepa limekuwa umbo la yai, ribiti mpya itacheza na mpini utalegea msimu mmoja. Likiwa hivyo panua tundu hilo liwe la milimita 8, uweke ribiti ya 8 hapo katikati. Kutu yote ya mkia sugua kwa msasa namba 80, futa kwa spiriti.

Baba Happy, 19:16
Limebaki duara. Mbao mpya nitumie gani? Kuna mparachichi umekatwa hapa.

Babu Massawe, 19:19
Mparachichi mwepesi, utabonyea. Mkaratusi unajipinda ukikauka. Chukua mpera, au shina la mbuni mzee (mti wa kahawa) uliong'olewa shambani, hiyo ni mbao ngumu na nyuzi zake zimebanana. Pasua ubao wa milimita 15, ncha zake zipake rangi yoyote ya mafuta zisipasuke, weka kivulini miezi kadhaa. Mbichi ukiifunga leo, kiangazi itanywea na ribiti zote zitalegea.

Juma Spea, 19:20
Asiyeweza kusubiri atafute kipande kikavu cha loliondo (mbao ngumu) kwa maseremala, mabaki yao wanayatupa.

Fundi Elia, 19:31
Kutoboa: bana mbao mpya kwenye mkia, toboa kupitia matundu ya chuma yenyewe, usipime kwa macho. Kwenye mbao tundu liwe 6.5 kwa ribiti ya 6, ile nusu milimita ndiyo nafasi ya mbao kuvimba masika. Kwenye chuma ibane.

Nondo ya alumini au shaba ya 6, kila upande izidi mbao kwa milimita 4, na uweke washa (pete bapa) chini ya kila kichwa. Tumia nyundo ya kichwa cha duara, pigo ndogondogo ukizunguka ukingo. Ukipiga pigo kubwa katikati, nondo inanenepa ndani ya mbao na kuipasua, hapo unarudi mwanzo. Epoksi paka nyembamba kati ya mbao na chuma, kazi yake hasa ni kuzuia maji.

Baba Happy, 19:33
Vanishi juu?

Babu Massawe, 19:35
Vanishi inateleza mkono ukiwa na jasho, na ikichanika maji yanaingia chini yake. Mafuta ya kitani, paka mara mbili tatu, kila mara uache yakauke kwanza. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke, usikikunje ukakitupa stoo. Yale mafuta yakikauka yanatoa joto, kitambaa kilichokunjwa kinaweza kujiwasha.

Juma Spea, 19:36
Nondo ya 6 na washa zipo dukani, kesho kuanzia saa mbili asubuhi. Njoo na panga tupime, mapanga mengine ya zamani ribiti zake ni robo nchi, yaani 6.35, nondo ya 6 inacheza.