Naombeni ushauri: bibi anatimiza mwaka tangu afariki, nataka akumbukwe alivyoishi

Mjukuu wa Marangu

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Mwezi wa kumi na mbili tunapanda Marangu kwa ibada ya kumbukumbu ya bibi yangu mzaa mama. Ukoo mzima utakuwepo, mnajua Wachaga na Krismasi. Vikao viwili tumeshafanya hapa Moshi mjini, na vyote vimeishia kwenye marumaru za kaburi, turubai na ng'ombe. Sina ugomvi na hayo, mchango wangu nimetoa.

Kinachonikaba ni wasifu uliosomwa siku ya mazishi. Uliandikwa usiku, haraka haraka, na nilikuwepo nisiseme kitu. Kuzaliwa mstari mmoja, ndoa mstari mmoja, ameacha watoto 7 na wajukuu 22, halafu aya mbili nzima za ugonjwa: presha ilianza lini, alilazwa mara ngapi, alikata roho saa ngapi. Nimesimama chini ya migomba najiuliza, huyu anayesomwa ni nani?

Bibi yangu mimi alikuwa na kidole gumba cheusi kwa utomvu wa ndizi, sabuni haikuwahi kukiweza. Akitaka kupika mtori alijipaka kwanza mafuta viganjani, anakata ndizi mshare ncha zote mbili, anapasua ganda kwa urefu, analivua lote kwa mara moja kama anayemvua mtoto sweta. Mwanamke yeyote akijifungua kitongojini, ndugu au si ndugu, chungu cha bibi kilikuwa njiani. Hayo hayakusomwa.

Hata mwaka wa kuzaliwa una utata. Wasifu ulisema 1 Julai 1942, lakini mwenyewe alizoea kutuambia kwamba wakati Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wa Wachaga, anasimikwa, yeye alikuwa ameshapata kipaimara.

Nina miezi miwili. Sijawahi kuandika historia ya mtu, na waliomjua akiwa msichana wamebaki wa kuhesabu. Nianzie wapi? Na wajomba niwaingieje?

Kihamba cha Babu

Pole sana dada. Bibi yako alikuwa sahihi, karani ndiye aliyekosea. Mangi Mkuu Thomas Marealle alisimikwa 1952. Mtoto wa 1942 angekuwa na miaka kumi, kipaimara angekipatia wapi? Hiyo tarehe moja mwezi wa saba wazee wetu wengi wamebandikwa tu, kwa sababu fomu ilitaka tarehe.

Nenda ofisi ya usharika, omba kwa heshima wakufungulie kitabu cha ubatizo. Nenda na jina lake la ubatizo pamoja na jina la baba yake. Ukienda na jina la ukoo alikoolewa utarudi mikono mitupu, yalinikuta.

Ukikaa na wazee usiwaulize "mwaka gani". Uliza Mwenge ulipopandishwa mlimani, 1961, alikuwa na watoto wangapi. Vita vya Kagera vinapiganwa, nani alikuwa mgongoni? Hapo utaona wanavyofunguka. Na ukague sanduku lake. Wazee walitunza stakabadhi za kahawa kuliko picha. Ukikuta pengo baada ya 1976 usidhani aliacha kulima, mwaka huo serikali ilivunja vyama vya ushirika.

Mama Wawili

Niko Arusha, mama yangu ana miaka mitatu kaburini. Nilichobaki nacho cha sauti yake ni sekunde kama arobaini za WhatsApp, ananiuliza kama nimefika salama na kama nimekula. Nimeihifadhi sehemu tatu.

Kwa hiyo mdogo wangu, rekodi. Nenda na sukari na majani ya chai, simu iweke pembeni, halafu kaa mchambue naye maharage. Usitoe daftari, mzee akiona daftari anaanza kuongea kama yuko mahakamani. Atakwambia hana la kusema. Wewe endelea kuchambua. Na akiongea Kichaga mwache, usimkatize umtake Kiswahili, tafsiri utafanya baadaye.

Fundi wa Kaloleni

Poleni kwa msiba. Sisi ni Waislamu, khitma ya mwaka ya baba tuliifanya nyumbani. Baada ya dua kaka yangu alisema, mwenye jambo moja alilomwona mzee akilifanya kwa macho yake aliseme. Sifa za jumla hapana. Mtu mmoja ambaye hatukumfahamu kabisa akasimama akasema baba alimwazima baiskeli miezi sita akauguzie mkewe hospitali. Baiskeli hiyo sisi tuliambiwa iliibiwa! Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Waombeni wazee wa kanisa muda wa namna hiyo.

Kitinda Mimba

Mimi nitasema tofauti kidogo. Marumaru za wajomba zako usizidharau hata moyoni. Mama alifariki nikiwa mbali, nilikuta ameshazikwa. Kaburi lake nimelijengea kwa mikono yangu mwenyewe, mchanga nimeuchekecha mwenyewe. Sikuwa na maneno, nilikuwa na saruji. Huenda mjomba wako naye ndivyo alivyo. Mwendee kwa kumuuliza habari za mama yake, usimwendee na lawama za wasifu.

Mjukuu wa Marangu

@Kitinda Mimba umenigusa pabaya, na umesema kweli. Asanteni wote. Jumamosi napanda.

Mjukuu wa Marangu

MREJESHO

Kitabu cha usharika kipo. Bibi alibatizwa 1938.

Kubwa zaidi nimelipata kwa jirani yake wa bonde la chini, bibi kikongwe ambaye siku ya mazishi alikaa nyuma kabisa. Tumechambua maharage kweli, karibu debe zima. Akaniambia (natafsiri): "Mwaka mmoja wa ukame bibi yako alifungua mfongo (mfereji wa kumwagilia) usiku, zamu ikiwa yangu. Miche yangu ya kahawa ikakauka. Misimu miwili hatukusalimiana, hata kanisani. Nilipojifungua mtoto wa mwisho, nikamwona mlangoni. Mkono mmoja chungu cha mtori, mkono mwingine jani la isale (kwetu Wachaga ndilo la kuombea msamaha). Isale halikataliwi. Nikala."

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuisikia. Nikaingiwa na woga, nawezaje kulisema kosa la bibi mbele ya ukoo?

Nikampelekea mjomba mkubwa rekodi. Tumeisikiliza ndani ya gari lake, vioo vimefungwa. Ilipofika kwenye isale akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasema, "Mtoto huyo wa mwisho nimesoma naye darasa moja," akanyamaza muda mrefu.

Marumaru zinawekwa, na kuzunguka kaburi tutapanda masale. Miche jirani ameshaichagua kwenye mpaka wake. Kwenye ratiba tumepewa dakika kumi na tano. Atasema yeye mwenyewe, kwa Kichaga, nami nitasimama kando yake kuwatafsiria watoto wanaotoka Dar.