Apgredi juu kwa juu au kufomati na kupiga upya? Mliowahi kuweka beta ya Windows au Linux njooni tupeane uzoefu

Fundi Mkimya
Wakuu habari za jioni. Nina laptopu ya pili hapa, nimeamua niiwekee Windows 11 ya Insider, hizi za majaribio ambazo bado hazijatoka rasmi. Mdogo wangu ananiambia we bonyeza tu apgredi ipande juu kwa juu, programu zako zote utazikuta palepale, mimi damu inakataa kabisa, mimi ni wa kufomati, yaani kufuta kila kitu, na kupiga upya.

Naanza na yangu. Mwezi wa kwanza 2009 ilipotoka beta, yaani toleo la majaribio, ya Windows 7, ile namba 7000, niliipandisha juu ya Vista, Windows iliyoitangulia, iliyokuwa imekaa mwaka mzima na takataka zake. Mashine ikawa inaganda kila ikiamka usingizini, unafunua kioo unaona mshale wa mausi umesimama katikati kama umepigiliwa msumari. Wiki tatu naisema vibaya beta kwa kila mtu, naripoti, nalalamika. Nikachoka, nikafomati, nikaipiga beta ileile kwa DVD ileile, ikatulia tuli. Kumbe mkorofi alikuwa draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya zamani ya waifai niliyohama nayo kutoka Vista. Yaani mtu umehamia nyumba mpya na godoro lako la zamani halafu kunguni wakikuuma unamgombeza mwenye nyumba.

Haya, tiririkeni.

mtu_wa_juja
Umenikumbusha mbali fundi. Mimi niliingia na beta vilevile, stori yangu ni ile RC ya Mei 2009, toleo la majaribio la mwisho kabla ya lile rasmi, namba 7100. Kumbukeni wakati huo SEACOM, ile kebo ya intaneti ya chini ya bahari, haijafika Mombasa, iliwashwa Julai mwaka huohuo, kwa hivyo intaneti ya kampasi ilikuwa ya satelaiti na faili lenyewe ni zaidi ya GB 2. Nilikuwa nabaki maabara usiku na ile programu ya kudaunilodi inayoendelea pale ilipokatikia, usiku wa nne ndio ikaisha, nikachoma DVD ya kwanza ikaharibika, ya pili ikakubali, nikaenda nayo kwa rumu nimeishika kama yai.

Naweka, nabonyeza apgredi, inakataa! Ati kutoka beta kuenda RC hakuna njia, urudi Vista kwanza ama upige upya. Microsoft walitaka tujaribu ile njia watu wa kawaida watapitia, ni sawa, lakini mimi project ya mwaka wa nne iko ndani na flashi yangu yote ni GB 2. Ndio nikaonyeshwa ujanja, unakopi vitu vyote vya DVD kwa hadidiski, unaingia folda ya sources, kuna kafaili kanaitwa cversion.ini, unakafungua na Notepad, pale kwa MinClient, toleo la chini linaloruhusiwa kuapgredi, unashusha namba, unasevu, unaanza setapu tena. Ikapita. Sikulala, nimekaa naangalia asilimia tu. Ilifika salama lakini sikuwahi kuiamini hiyo mashine, kila ikifanya ukorofi kidogo nilikuwa najiuliza ni ya RC, ni ya beta ama ni ya Vista ya bibi yake.

Swahiba
Hakuna anayekumbuka hiyohiyo 7000 ilivyokuwa inakula MP3? Ukilifungua faili lenye mapicha ya kava ndani, Windows Media Player inaligusa, sekunde kadhaa za mwanzo zinakatika moja kwa moja, si kwamba haichezi, zimefutika. Rekebisho lilitolewa mapema sana ila ilibidi uliweke. Sasa piga hesabu, aliyepandisha juu kwa juu nyimbo zake zote zipo mle ndani tayari zinasubiri kuchinjwa, aliyepiga upya hana hata wimbo mmoja wa kupoteza. Mimi nilisoma onyo nikazifanya zote za kusoma tu, taarabu za marehemu mama zikasalimika.

Mzee wa Kafe
Yangu ya aibu lakini nitaisema. Nilikuwa na kafe Morogoro, mashine sita, zote nikapiga RC kwa kufomati, safi kabisa, nikajiona mjanja maana ilikuwa ya bure. Ilikuwa inaisha tarehe 1 Juni 2010, hilo nililijua. Nilichopuuza ni kwamba kuanzia tarehe 1 Machi itakuwa inajizima yenyewe kila masaa mawili. Onyo lilikuwa linatokea kwenye skrini siku kadhaa kabla, vijana wangu wanabonyeza kufunga wanaendelea.

Basi Machi imeingia, kuna mwalimu mmoja wa sekondari yupo kwenye mashine ya tatu anaandika barua ya uhamisho, kaiandika karibu kurasa mbili, anatumia vidole viwili, ghafla pwaa, giza. Akaangalia juu, taa inawaka. Akaangalia feni, inazunguka. Akanigeukia, "Baba, luku imeisha kwenye mashine hii tu?" Sina jibu. Kabla sijanyanyuka ya tano nayo ikazima, jamaa wa pale kalipia saa nzima ametumia dakika kumi. Kesho yake mtaani wanasema mzee kaweka mtambo wa kuiba muda.

Na toleo la dukani lilikuwa limetoka tangu Oktoba 22, miezi minne nimelikalia. Kupanda kutoka RC kwenda hilo rasmi haikuruhusiwa, ilibidi zote sita nizipige upya Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo fundi, kupiga upya hakujaniokoa na uvivu wangu.

dogo_janja
hahahaa luku imeisha kwenye mashine hii tu 😂😂

mama_nasra
Mimi si fundi ni mhasibu, nawasoma tu siku zote ila leo nichangie. 2021 nilikuwa na hamu ya Windows 11 kabla haijatoka rasmi (ilitoka Oktoba 5) nikajiunga na Insider kwa laptopu ninayofanyia kazi, naam, ninayofanyia kazi, msinipige. Apgredi ilienda vizuri mno, mafaili yote yapo, hata ile picha ya Nasra niliyoiweka kwenye skrini ipo. Nikafurahi. Mwisho wa mwezi nachapisha risiti, printa haisomi. Natafuta draiva, hakuna. Nikaambiwa kuna batani ya kurudi kwenye Windows ya mwanzo, nenda kwenye setingi, nikaikuta imepauka haibonyezeki. Kumbe ni siku kumi tu, zikipita lile folda la Windows.old lenye Windows ya mwanzo linafutwa na njia ya kurudi ndio imefungwa. Nilikuwa siku ya kumi na saba.

Basi ikabidi nifomati vilevile, ila sasa kwa haraka na kwa machozi, na programu ya mahesabu ikadai ufunguo mpya, waliotuuzia simu hawapokei. Risiti za siku nne nimeandika kwa mkono.

Pengwini
Watu wa Windows mnateseka sana. Mimi Ubuntu, Linux hiyo, nina /home, folda la mafaili yangu, kwenye partisheni (kipande cha diski) yake, kwa hiyo nikipiga upya nafomati ile ya mfumo tu, vyangu havijaguswa. Beta ya 24.04 ilichelewa wiki moja, ikaja Aprili 11, 2024 kwa sababu ya ule msala wa xz, mtu alipenyeza mlango wa nyuma kwenye programu ya kubana mafaili ikabidi wajenge upya vifurushi vyote vya programu. Na mimi nina mashine ya pili nikaipandisha kwa amri ya do-release-upgrade -d, ikazima hazina zote za nje za kuchukulia programu nilizokuwa nimeongeza, nikabaki jioni nzima naziwasha mojamoja. Ile niliyopiga upya ilimaliza kabla chai haijapoa.

Abu Salma, Maskati
Assalaam alaykum. Mimi nitakwenda kinyume nanyi kidogo. Mkifomati nyote, nani atajua apgredi inaharibu nini? Siku ya kutoka rasmi walio wengi hawafomati, wanabonyeza tu. Tazameni Windows 10 ya Oktoba 2018, ile 1809, baadhi ya watu waliapgredi wakakuta mafaili yao kwenye Documents hayapo, ikabidi isimamishwe. Na wajaribuji wachache walikuwa wameliripoti kabla, ripoti zao hazikupata kura zikazama chini. Aliyefomati hawezi kuliona hilo hata ajaribu mwaka mzima, hana cha kufutiwa. Ndio mimi nina mashine kongwe nimeijaza vitu makusudi, programu za hovyo, printa tatu, majina ya mafaili ya Kiarabu, nakopi yote pembeni halafu naipandisha juu kwa juu nione itapasuka wapi.

Fundi Mkimya
Abu Salma waalaykum salaam, hapo umenipiga kofi la adabu. Hata zile ripoti zangu za 2009 basi hazikuwa za bure, draiva ya zamani kugandisha mfumo mpya nalo ni tatizo la apgredi, nilikosea tu kulipa jina.

mama Nasra pole sana. Na kwa wengine mnaofikiria Insider, chagueni chaneli, yaani ngazi ya majaribio, kwa akili, ile ya Dev ikishakupeleka mbele ya toleo la kawaida kutoka kwake ni kufomati tu, hakuna mlango mwingine.

mtu_wa_juja
Kwa hivyo umeamua nini?

Fundi Mkimya
Naipandisha juu kwa juu kwanza, niiache wiki moja, isifike siku kumi, niandike kila inachokosea, halafu nafomati naipiga ileile nione yapi yamebaki. Ila ndani kuna picha za harusi ya mdogo wangu ambazo hana pengine. Nimechomeka hadidiski ya nje ya USB 2, ile ya polepole, maana ndiyo niliyonayo, inasema yamebaki masaa matatu na dakika arobaini. Mdogo wangu kashaniuliza mara mbili mbona hatuanzi.